Tikiti Maji Kubwa Halitoki Katika Gunia la CAN

Juma lililopita nililetewa, kwa mara ya tano msimu huu, picha ya shamba la aina ile ile: majani mapana yenye kijani kilichokolea, mashina yaliyotambaa hadi kwenye seng'enge, na tunda la maana hakuna. Mwenye shamba, mkulima wa Kitengela aliyepanda matikiti maji ya aina ya Sugar Baby, hakuniuliza kasoro iko wapi. Aliniuliza aongeze mifuko mingapi ya CAN, mbolea ya naitrojeni, ili apate matikiti makubwa kama yale yanayoshindanishwa Marekani.

Dhana: Ukizidisha mbolea, tikiti nalo huzidi ukubwa.

Naitrojeni iliyomo katika CAN hujenga majani na mashina. Mmea huihitaji sana katika majuma ya mwanzo, kwa kuwa majani ndiyo yanayotengeneza sukari itakayolijaza tunda, lakini ikiendelea kumwagwa wakati wa maua, mmea huendelea kutambaa, huchelewa kutoa maua majike, na matunda machache yanayoshika hushindana na machipukizi mapya kwa chakula kile kile. Ninawasihi wakulima waache CAN mara wanapoliona ua jike la kwanza, lile lenye kitunda kidogo chini ya petali, na kuanzia hapo waupe mmea potasiamu zaidi. Hata hiyo isiwekwe kwa kukisia; udongo upimwe kwanza. Maabara ya udongo ya KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, iko Kabete, hapa hapa Nairobi, na bado watu hupita njia hiyo wakienda agroveti kununua mbolea ambayo huenda udongo wao hauihitaji.

Ukubwa huanzia kwenye mbegu. Sugar Baby huzaa tunda la kilo 3 hadi 5, na hakuna mbolea itakayolifikisha kilo 50. Charleston Gray na Crimson Sweet zinaweza kupita kilo 10. Tikiti lililoweka rekodi ya dunia mwaka 2013, lenye uzito wa kilo 159, lilikuzwa na Chris Kent katika jimbo la Tennessee, na wakulima wa mashindano kama yeye hutegemea zaidi aina ya Carolina Cross, ambayo ilizalishwa kwa ajili ya ukubwa. Anayetaka tikiti kubwa atafute kwanza mbegu ya aina hiyo.

Baada ya mbegu, jambo kubwa ni idadi ya matunda, na hapa ndipo wengi hunikatalia. Mmea unaolea matunda manne hugawa sukari yake mara nne. Mimi huondoa tunda la kwanza lililo karibu na mzizi, kwa sababu wakati huo majani bado ni machache, kisha huacha mawili au matatu yanayofuata mpaka yafikie ukubwa wa ngumi, nikachagua moja lenye umbo zuri na kikonyo kinene, na mengine nikayakata yote. Najua inauma kukata matunda mazima, lakini mmea mmoja ulee tunda moja. Nafasi ya mita moja inayotosha tikiti la sokoni haitoshi hapa. Mmea wa tikiti kubwa uachie angalau mita 4 kila upande, na usiyapogoe majani yake mazima.

Yanabaki maji na joto. Mwagilia kwa matone, kwa kiasi kilicho sawa siku zote, kwa maana mmea uliokaukiwa kisha ukafurikishwa ghafla hupasua matunda yake. Julai ya Nairobi ni baridi mno kwa zao hili, kwa hiyo mwenye maji ya uhakika apande Desemba ili tunda linenepe katika joto la Februari na Machi.

Dhana: Maua ya kwanza yakianguka, mmea ni mgonjwa.

Hayo ni maua madume, na kuanguka ni kawaida yake.

Dhana: Ukilinyooshea kidole tikiti changa, litaoza.

Kitunda hugeuka njano na kuanguka kwa sababu hakikupata chavua ya kutosha, au huoza kwa sababu nzi wa matunda ametaga mayai ndani yake. Ua jike hufunguka kwa siku moja tu, nyuki hulitembelea asubuhi, na ni asubuhi hiyo hiyo ambapo wakulima wengi hunyunyizia dawa ya wadudu. Nyunyizieni jioni, maua yakiwa yamefunga.

Dhana: Tikiti likipandwa karibu na tango hupoteza utamu.

Mimea hii miwili haizaliani. Tikiti lisilo na utamu mara nyingi limechumwa kabla ya wakati au limemwagiliwa kupita kiasi karibu na kuvunwa.

Dhana: Tikiti hunenepeshwa kwa maziwa au maji ya sukari yanayopitishwa kwenye uzi uliochomekwa shinani.

Kidonda hicho cha uzi huingiza kuvu na bakteria, na sukari ambayo tikiti linaihitaji hutoka kwenye majani.

Dhana: Tikiti lililoiva hutambuliwa kwa kulipiga kofi tu.

Mlio hudanganya, hasa kwa tunda kubwa lenye ganda nene. Angalia kijiuzi kilichojikunja karibu na kikonyo: kikikauka chote, na sehemu iliyolalia udongo ikigeuka kutoka nyeupe kuwa njano, kata kwa kisu na uache sentimita chache za kikonyo.