Dawa kupitia mishipa ya kitovu: maana yake na hatari zake

Kwetu Unguja na Pemba, mtu akisema kitovu chake kimezikwa mahali fulani, anasema ndiko kwao. Kwa daktari wa watoto wachanga kitovu ni mlango. Siku chache za mwanzo, kabla hakijakauka, mishipa iliyomuunganisha mtoto na kondo la nyuma bado hupitisha mpira mwembamba. Kwa njiti ambaye mishipa ya mkononi haionekani, au mtoto aliyezaliwa hapumui na anahitaji adrenalini, dawa ya kuamsha moyo, mara moja, mlango huo huokoa maisha.

Mishipa yenyewe kwa kawaida ni mitatu: vena moja, yaani mshipa unaopeleka damu kuelekea moyoni, na ateri mbili, zinazotoa damu moyoni. Hatari kubwa iko pale ncha ya mpira inapoishia.

Vena hupanda hadi kwenye ini, na humo kuna njia panda. Ncha ikifuata kijia kinachotokea kwenye mshipa mkubwa chini ya moyo, dawa huchanganyika na damu nyingi na kusambaa salama. Ikipotelea ndani ya ini, dawa kali kama kalsiamu, au maji ya sukari nzito, humwagika pale pale bila kuzimuliwa, na nyama ya ini huweza kufa. Damu ikiganda hapo, madhara huweza kujitokeza miaka baadaye, mtoto anapoanza kutapika damu. Na ncha ikipitiliza hadi moyoni, huweza kuutoboa. Ndiyo maana hupigwa picha ya eksirei kuhakikisha ilipo, na kwangu hii ndiyo hatua isiyorukwa. Dharura tu ndiyo haisubiri: hapo mpira huingizwa sentimita chache, mpaka damu irudi.

Ateri huteremka nyongani kisha hupanda kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili. Hutumika zaidi kupima presha na kuchukua damu. Dawa inayobana mishipa ikipitishwa huko, figo, utumbo na miguu hukosa damu. Nesi akimfunua mwanao miguu kila mara, anaangalia vidole visigeuke vyeupe au buluu. Vikibadilika, huenda mpira ukatolewa.

Kisha kuna vijidudu. Kila siku mpira unapozidi kukaa, ndivyo vinavyopata nafasi ya kuingia kwenye damu, kwa hiyo usisite kumuuliza daktari utatolewa lini. Na bibi akija wodini na mafuta au majivu ya kupaka kitovu, kama wazee wetu walivyozoea, mzuieni kwa adabu: mpira ungalipo, kitovu hicho ni njia iliyo wazi hadi kwenye damu ya mtoto.