Sentensi ya Kiingereza yaweza kuishia na kihusishi

Kuanzia Masasi hadi Lindi mjini, wanafunzi wengi wa sekondari wameambiwa kwamba sentensi ya Kiingereza haiishii na kihusishi, yaani maneno kama "to", "for" na "with". Kanuni hiyo haipo. Inaniuma kuona mtoto akikatwa alama kwa "Who did you go with?", kwa sababu hicho ni Kiingereza safi.

Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, aliyekwisha kufariki zamani, kwa kuweka vihusishi mwishoni. Sababu hakutoa. Wasomi wa zama zile walikienzi Kilatini, ambacho kihusishi chake hakiachwi peke yake mwishoni namna hiyo. Lakini Kiingereza kina mwenendo wake. Hata askofu Robert Lowth, anayelaumiwa mara nyingi kwa kueneza katazo hili, mwaka 1762 alikiri kwamba mtindo huo umezoeleka katika mazungumzo. Alichoongeza ni kwamba kukitanguliza kihusishi kunapendeza zaidi katika maandishi ya heshima.

Basi mfanyabiashara wa korosho Mtwara akimuuliza mnunuzi wa nje, "Which port are you shipping to?", hajakosea. "To which port are you shipping?" nayo ni sahihi, ila ina urasmi mwingi kwa maongezi ya ghalani. Na "What is it like?" huwezi kuipindua kabisa, jaribu uone inavyovunjika.

Cha kufuta katika barua ya kazi ni kihusishi kisicho na kazi, kama "at" katika "Where is the office at?"