Msanii Anayejitegemea Anapoingia Kwenye Filamu: Haki za Wimbo, za Sauti na za Sura

Msanii wa muziki wa pop anayetunga, kurekodi na kutoa nyimbo zake bila kufungwa na lebo, yaani kampuni ya kurekodi, hujiona mtu wa kazi moja. Sheria haimwoni hivyo. Anapoandika mashairi na kubuni melodia, yeye ni mtunzi. Anaposimama mbele ya maikrofoni, ni mwimbaji. Anapogharimia studio kwa fedha zake, huwa pia mmiliki wa rekodi. Na siku anapoitwa kuigiza, anaingia katika kundi jingine la wenye haki, kundi ambalo kwa miaka mingi mikataba ya kimataifa ililipatia ulinzi hafifu kuliko mengine yote. Katika kazi yetu ya kuelimisha wasanii kuhusu hakimiliki na hakishiriki (haki za waimbaji, waigizaji na wamiliki wa rekodi), tatizo tunalokutana nalo zaidi si msanii kunyimwa haki na sheria, bali ni msanii kusaini mkataba wa nafasi moja ambao, kwa kifungu kimoja kilichojificha ukurasa wa saba, unazoa na haki za nafasi nyingine.

Tuanze na tofauti ambayo kila kitu kingine kinaitegemea. Wimbo ni kitu kimoja na rekodi ya wimbo ni kitu kingine. Wimbo, kwa maana ya maneno na melodia, ni mali ya mtunzi tangu unapotungwa, na Mkataba wa kimataifa wa Berne wa mwaka 1886 pamoja na marekebisho yake hauruhusu ulinzi huo kuwekewa sharti la usajili katika nchi nyingine wanachama, ingawa usajili hubaki kuwa ushahidi mzuri pale ugomvi unapozuka. Muda wa chini wa ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeuongeza hadi miaka 70. Rekodi, ambayo wasanii huiita masta, ina mmiliki wake. Kwa kawaida huyu ni yule aliyeandaa na kugharimia kurekodi, isipokuwa mkataba useme vingine. Msanii aliye chini ya lebo hulipiwa studio na matangazo, na kwa kawaida hulipa kwa kuiachia lebo masta. Anayejitegemea hubaki nayo, na hapo ndipo ulipo uhuru wake hasa. Kuajiri meneja, kutumia kampuni ya usambazaji au kukopa fedha za video hakumwondolei hadhi hiyo, mradi masta haijahama mkono.

Nguvu ya kutenganisha mali hizi mbili ilionekana waziwazi kwa Taylor Swift wa Marekani. Masta za albamu zake sita za kwanza ziliuzwa mwaka 2019 pamoja na lebo iliyokuwa ikizimiliki, lakini utunzi ulibaki wake. Kuanzia mwaka 2021 alirekodi upya na kutoa albamu nne kati ya hizo, akawa na masta mpya anazozimiliki mwenyewe. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kuweka wimbo kwenye filamu au tangazo bila ridhaa ya upande wa utunzi, aliweza kukataa maombi ya kutumia rekodi za zamani. Mwaka 2025 alizinunua masta za awali. Wachache wana fedha za kufikia hatua hiyo ya mwisho, lakini hatua ya kwanza, yaani kutoruhusu utunzi uuzwe ndani ya mkataba wa kurekodi, haihitaji utajiri, inahitaji kusoma mkataba.

Fedha nazo hufuata mgawanyo uleule. Wimbo unaposikilizwa kwenye jukwaa la kidijitali, malipo ya masta hupitia kwa msambazaji, yaani kampuni inayopeleka rekodi kwenye majukwaa, na malipo ya utunzi hupitia kwa mchapishaji wa muziki (anayesimamia haki za utunzi) au chama cha kukusanya mirabaha. Msanii aliyejiunga na msambazaji pekee anakuwa ameacha sehemu ya utunzi bila mwenyewe. Kila rekodi hupewa namba ya utambulisho ya ISRC yenye tarakimu na herufi 12, na kila utunzi hupewa namba yake ya ISWC. Jina likikosewa au namba zisipounganishwa, fedha hukaa bila kujulikana ni za nani. Tahadhari nyingine ni kutopanga maisha juu ya usikilizaji peke yake: tangu mwaka 2024, kwa mfano, Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12.

Ndiyo maana wengi wa wanaodumu huishi kwa kazi kadhaa. Raye wa Uingereza aliandikia wasanii wengine nyimbo kwa miaka kadhaa, akaachana na lebo yake mwaka 2021, akatoa albamu yake ya kwanza mwaka 2023 akiwa anajitegemea kwa kutumia kampuni ya usambazaji, na mwaka 2024 akanyakua tuzo sita za Brit, tuzo za muziki za Uingereza, katika usiku mmoja, ikiwemo ya mtunzi wa mwaka. Wengine, badala ya kuandikia wenzao, huingia kwenye uigizaji, na huko ndiko uelewa wa haki unakopungua.

Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, ulioanzisha ulinzi wa kimataifa kwa waimbaji na waigizaji, uliweka kifungu cha 19 ambacho maana yake ni hii: mtendaji, yaani mwimbaji au mwigizaji, akisharidhia utendaji wake urekodiwe kwa picha, haki zake za kuzuia matumizi chini ya mkataba huo zinakoma. Mkataba wa WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani) wa mwaka 1996 kuhusu watendaji ukaimarisha haki zao, zikiwemo za mtandaoni, lakini zaidi kwa upande wa sauti. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo: mtu yuleyule, kwa koo lilelile, alilindwa zaidi alipoimba studio kuliko alipoimba mbele ya kamera. Pengo hilo lilikuja kushughulikiwa na Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, ulioanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, ambao unamtambua mwigizaji wa filamu na kumpa haki ya kutajwa jina, haki ya kupinga upotoshaji wa kazi yake unaomharibia sifa, na haki za kiuchumi kwa muda usiopungua miaka 50. Hata hivyo, kifungu cha 12 kinaziruhusu nchi kuweka utaratibu ambao mwigizaji akisharidhia kurekodiwa, haki za kiuchumi humhamia mtayarishaji wa filamu, isipokuwa wawili hao wakubaliane tofauti. Kwa lugha nyepesi, ukimya wa mkataba mara nyingi humnufaisha mtayarishaji.

Sasa chukua msanii anayeigiza mhusika ambaye ndani ya hadithi anaimba wimbo alioutunga msanii mwenyewe. Mtayarishaji anahitaji kwake vitu vinne: uigizaji, ruhusa ya kuweka utunzi kwenye picha, ruhusa ya kutumia masta au rekodi mpya itakayofanywa, na ruhusa ya kutoa wimbo huo katika albamu ya filamu. Mkataba mmoja wa uigizaji wenye maneno kwamba "matunda yote ya huduma" ni mali ya mtayarishaji unaweza kuvibeba vyote vinne kwa ujira wa kimoja. Ushauri wetu ni kuwa na hati ya pekee kwa ajili ya wimbo, itakayotoa leseni badala ya kuuza, na kutaja ni filamu ipi, kwa muda gani na katika nchi zipi. Hapa asiye na lebo ana nafuu ambayo haisemwi vya kutosha: anaweza kuidhinisha utunzi na masta siku hiyohiyo, mradi alioandika nao na prodyuza wake walikwisha kuandikiana nani ana asilimia ngapi. Asipokuwa na makubaliano hayo, nafuu yote inapotea, kwa sababu mtayarishaji mwenye haraka hutafuta wimbo mwingine.

Ratiba pia isomwe. Mikataba ya tamthilia huweza kumpa mtayarishaji hiari ya kumrudisha mwigizaji kwa misimu kadhaa na kumtaka awe tayari kwa marudio ya kupiga picha, hata kama tarehe hizo zinagongana na maonyesho aliyokwisha kuyauzia tiketi.

Suala jipya zaidi ni nakala za kidijitali za sauti na sura. Lilikuwa miongoni mwa madai makuu ya mgomo wa waigizaji wa Marekani wa mwaka 2023, uliodumu siku 118, na makubaliano yaliyoufunga yaliweka masharti ya ridhaa na malipo kabla nakala kutengenezwa na kutumiwa. Kwa mwigizaji ambaye pia ni mwimbaji hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu sauti iliyonakiliwa kwa ajili ya mazungumzo ya mhusika inaweza kuimbishwa. Kifungu cha nakala, kikiwepo, kitaje filamu husika pekee, kikataze sauti hiyo kutumiwa kuimba au kufunza mifumo mingine, na kitake ridhaa mpya ya maandishi kwa kila matumizi ya ziada.