Kwa nini kabichi hufunga Lushoto, lakini Tanga mjini hubaki majani tu?

Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga mjini, alinunua pakiti moja ya mbegu za kabichi. Nusu akapanda uani kwake, nusu akampa mdogo wake anayeishi Lushoto. Baada ya miezi mitatu na ushee, mdogo mtu alikuwa anagawa kabichi kwa majirani. Shangazi alikuwa na majani mapana yaliyotandaa kama sinia, katikati hamna kitu. Akasema mbegu zake zimetupiwa jicho.

Hakuna jicho. Kichwa cha kabichi ni chipukizi kubwa lisilofunguka. Majani machanga ya katikati husimama wima, na kwa kuwa upande wake wa nje hukua haraka kuliko wa ndani, hujikunja kuelekea katikati. Linalozaliwa baadaye hubanwa na lililotangulia, mpaka panakuwa na donge gumu. Sukuma wiki ni mmea wa spishi hiyohiyo, ila yenyewe haina tabia ya kujikunja, ndiyo maana unaichuma jani jani.

Kujikunja huko hupenda nyuzi joto 15 hadi 20. Zikizidi 25 kwa muda mrefu, majani hurefuka na kulegea, na hata kichwa kikifunga huwa chepesi mkononi. Zipo mbegu chotara zilizotengenezwa kwa ajili ya joto, na mtu wa pwani akiing'ang'ania kabichi basi azitafute hizo. Mimi ningepanda bamia na matembele nikatulia.

Watu wengi hulilaumu jua la mchana. Usiku nao una lawama zake. Mchana mmea hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Usiku huendelea kupumua, na kupumua huko huunguza sehemu ya sukari ile. Kadiri usiku unavyokuwa na joto, ndivyo akiba inavyoliwa zaidi. Tanga mjini mwezi wa Februari feni inazunguka mpaka alfajiri, na kabichi ya shangazi nayo inakesha ikila ilichochuma mchana. Lushoto watu wanavuta blanketi. Mmea unatumia kidogo, kinachobaki kinaingia kwenye kichwa. Karoti pia hunufaika hivyo hivyo.

Baridi yenyewe inatokana na mwinuko. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, na mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mombo na jasho lako, ukifika juu unatafuta sweta. Upepo wa baharini nao ukigonga milima ya Usambara, ilipo Lushoto, hulazimika kupanda, unapoa, unyevu wake unageuka mawingu na mvua.

Mvua hiyo ina bei yake. Nyanya ndizo huilipa. Baridi na majani yasiyokauka ndiyo hali inayopendwa na bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Jani likikaa na maji saa nyingi, mbegu za ugonjwa huota na kupenya. Shamba zima laweza kuungua ndani ya siku chache. Mwenye bustani ndogo ana nafuu kuliko mkulima mkubwa: miche yake michache anaweza kuipanda chini ya upenu isinyeshewe, akaiegemeza kwenye miti, akapunguza majani ya chini na kumwagilia shinani tu.

Kabichi huvumilia zaidi, lakini iliyokwisha komaa ikikutana na mvua kubwa baada ya kiangazi hunywa maji ghafla, kichwa kikapasuka. Kama hujawa tayari kuivuna, ishike kwa mikono miwili uizungushe robo hivi mahali ilipo, baadhi ya mizizi ikatike. Itakunywa kidogo, nawe utapata siku kadhaa za kusubiri wageni.