Malezi yenye mwitikio: mtoto akisema "ba", nani anamjibu?

Juzi pale Uyole, Mbeya, nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa akichambua viazi. Mwanawe wa miezi saba hivi alikuwa ameketishwa juu ya kanga, katikati ya magunia mawili ili asianguke. Mtoto akasema, "Ba-ba-ba." Mama, mikono ikiendelea na viazi, akamgeukia: "Eee, baba? Baba kaenda Igurusi, atarudi jioni." Mtoto akanyamaza, akaikazia macho midomo ya mama yake. Halafu, "Ba!" Mama akajibu, "Ndiyo hivyo, kapanda basi." Mtoto akapiga miguu kwa furaha. Haikuzidi dakika moja, na debe lilijaa kama kawaida.

Wataalamu wanachokiita malezi yenye mwitikio ndicho hicho. Mtoto anatoa ishara, iwe sauti, jicho, kilio au kidole kinachoelekeza. Mkubwa anaiona, anajaribu kuielewa, kisha anajibu upesi na kwa upendo. Mtoto naye anajibu jibu. Mwitikio ni huko kupokezana.

Neno hili utalikuta ndani ya jina refu zaidi: Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambalo watu wa ustawi wa jamii hulifupisha MMMAM. Makuzi ni mwili kuongezeka, yaani uzito na urefu unaopimwa kliniki. Maendeleo ni uwezo kuongezeka: kukaa, kutambaa, kusema, kukumbuka, kucheza na wenzake. Malezi ni yale tunayomfanyia ili hayo mawili yatokee. Serikali ya Tanzania ilizindua programu jumuishi ya taifa ya MMMAM Desemba 2021, inayomhusu mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na hiyo ya mwitikio. Nne za kwanza watu wanazielewa upesi. Ya tano wengi huiona kama pambo, na mimi naamini ndiyo inayozibeba zile nyingine.

Sababu yake iko kwenye ubongo. Mtoto akizaliwa, ubongo wake una ukubwa wa karibu robo ya ule wa mtu mzima. Akifika miaka miwili umeshafika kama robo tatu, na akiwa na mitano umekaribia asilimia 90. Katika muda huo seli za ubongo zinaunganishana kwa kasi ambayo hairudi tena maishani. Miunganiko inayotumika mara kwa mara huimarika, isiyotumika hupukutika. Sasa, kichanga hawezi kuutumia ubongo wake peke yake kama mtu anayesoma gazeti. Anautumia kwa kumtazama mtu, kumsikia, kumwita na kuitikiwa. Hata macho yake ya siku za mwanzo huona vizuri zaidi umbali wa sentimita 20 hadi 30, kama vile kutoka titini hadi usoni kwa mama.

Lugha inaonyesha jambo hili waziwazi. Mtoto wa miezi sita anaweza kutofautisha hata sauti za lugha ambazo hajawahi kuzisikia. Akikaribia mwaka, sikio lake limeshajikita kwenye zile anazozisikia kila siku. Kwa hiyo bibi anayemwambia mjukuu "kamwene", salamu ya Kihehe, asubuhi pale Kilolo na kungoja amjibu kwa tabasamu anamfundisha. Asionewe aibu wala kukatazwa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa kwa hofu kwamba mtoto atachanganyikiwa. Watoto humudu lugha mbili, mradi wasemeshwe.

Nini hutokea jibu lisipokuja? Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache wawatazame bila kuonyesha chochote usoni. Watoto walibaini mara moja. Walitabasamu ili kumrudisha mama, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele. Iliposhindikana wakageuza uso pembeni, wengine wakalia. Mama alikuwa palepale mbele yao, ila haitikii. Mimi huikumbuka habari hiyo kila nikimwona mzazi ananyonyesha macho yakiwa kwenye simu kuanzia titi la kwanza hadi la pili. Simu ya dakika mbili haimharibu mtoto, wala hakuna mzazi anayeitikia kila mara. Kinachoumiza ni ukimya unaogeuka kuwa desturi ya nyumba.

Na hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uchungu wake. Tunavuna mahindi, viazi, maharage, maparachichi na maziwa. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu, yaani urefu usiolingana na umri, kwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa na asilimia 50.4 mkoani Njombe, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Sababu ni nyingi, zikiwemo ugali usio na mboga za kutosha, maradhi ya mara kwa mara na kazi nzito za mama mjamzito. Lakini mojawapo ni nani anamlisha mtoto, na vipi. Mama ameondoka alfajiri kwenda shamba, uji umebaki kwenye sufuria, na mlinzi ni dada wa miaka saba. Mtoto wa miezi tisa anahitaji mlo mara tatu au nne kwa siku juu ya maziwa ya mama, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Akigeuza kichwa, dada anadhani ameshiba, na kumbe uji umepoa ukaganda. Au mkubwa mwenye haraka anambana pua na kumimina, na mtoto anajifunza kukiogopa kikombe. Kulisha kwa mwitikio ni kukaa naye, kumtazama, kungoja ameze, kumsemesha, kumpa tena. Chakula kilekile kinaingia zaidi.

Wapo wanaosema mtoto akijibiwa sana atadeka. Si kweli. Kichanga anayeitikiwa hujifunza kwamba dunia inamsikia, akatulia. Na kuitikia si kumpa kila anachotaka. Akikililia kisu, unakiondoa na kumwambia, "Hicho kinakata, mwanangu, shika hili gunzi." Umemnyima, na umemjibu.

Vifaa havihitajiki vya duka. Magunzi, kifuniko cha sufuria, chupa yenye punje za mahindi iliyofungwa vizuri, mgongo wa mama ndani ya mbeleko huku akimtajia vitu njiani: ng'ombe, mto, ukungu. Baba anayerudi jioni kutoka kupasua mbao Mafinga anaweza kumpakata karibu na moto na kuigiza sauti anazotoa. Mtoto hachagui jinsia ya anayemjibu.

Ila kuna ukimya wa upande wa pili wa kuuangalia. Kama mtoto wa miezi sita hageukii sauti, au ametimiza mwaka bila kubwabwaja wala kuonyesha kitu kwa kidole, huenda hasikii vizuri au kuna jambo jingine. Mpeleke kliniki na kadi yake, mweleze mhudumu hayo kwa maneno yako, hata kama tarehe ya chanjo haijafika.