Umezoea kelele za magari? Moyo wako bado

Wanaoishi kando ya barabara kuu hupenda kusema: “Mwanzoni zilinisumbua, siku hizi hata sizisikii.” Hiyo ni kweli nusu. Mtu huzoea kwa maana kwamba hashtuki kila lori linapopita, na asubuhi hakumbuki kitu. Ila sikio halina kope: usiku kucha linaendelea kupeleka sauti kwenye ubongo. Pikipiki ikinguruma saa nane za usiku, mapigo ya moyo huongezeka, presha hupanda kidogo, homoni za msongo kama kotisoli zinaweza kuongezeka, na usingizi mzito hugeuka mwepesi. Yote haya hutokea bila wewe kufumbua macho. Yakijirudia kwa miaka, hatari ya magonjwa ya moyo huongezeka.

Mwaka 2018, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza wastani wa kelele za barabarani usiku, nje ya nyumba, uwe chini ya desibeli 45. Mazungumzo ya kawaida tu hufika takriban 60! Kuhamishia kitanda chumba kisichotazama barabara husaidia. Vizibo vya masikio pia, kwa anayevivumilia.