Bahati nasibu haijengi shule California

Paa linavuja, mwalimu kaweka ndoo katikati ya darasa, na wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za eneo hilo, inaomba kura ya hatifungani, yaani ruhusa ya wapiga kura ya kukopa, ili ibomoe jengo na kujenga jipya. Hapo hukosi jirani wa kuuliza: "Kwani pesa za bahati nasibu zinaenda wapi?"

Swali hilo ni la tangu 1984, wapiga kura wa California walipoidhinisha bahati nasibu kwa ajili ya elimu. Pesa zinafika shuleni kweli, ila ni kama asilimia moja tu ya bajeti. Isitoshe, sheria ileile inakataza zisinunue ardhi wala kujenga majengo. Ni za kufundishia.

Jengo hulipiwa kwa mkopo. Wilaya inauza hatifungani, inapata fedha kwa mkupuo, kisha wenye nyumba wanalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi kupitia kodi ya majengo. Zamani ilihitajika theluthi mbili ya kura. Tangu 2000, asilimia 55 inatosha, kwa masharti: kamati huru ya wananchi, ukaguzi wa kila mwaka, na hata senti isiende kwenye mishahara ya walimu na wasimamizi wa shule. Kwa wilaya yenye shule za msingi na sekondari pamoja, makadirio ya kodi hiyo kwa mwaka hayaruhusiwi kuzidi dola 60 kwa kila dola 100,000 za thamani ya nyumba kwenye daftari la kodi. Nyumba ya 500,000, basi, ni hadi dola 300 kwa mwaka. Si haba, na anayepiga kura ya hapana kwa sababu hiyo namwelewa kuliko anayengojea tiketi za bahati nasibu.